UGONJWA WA NYUMA YA JICHO HAUUMI, LAKINI UNAPIMIKA



Mwiba ukikuchoma mguuni, unasimama hapo hapo na kuutoa. Jino likiuma usiku, asubuhi uko zahanati. Maumivu ni kama kengele. Yanatuambia: hapa kuna hatari, fanya haraka.

Lakini iko sehemu moja ya mwili ambayo haina kengele. Nayo ni nyuma ya jicho, ndani kabisa, mahali ambapo picha za vitu tunavyoviona hupokelewa. Pale hapaumi. Mishipa midogo ya damu inaweza kuvuja, maji yanaweza kutuama, na mwenye jicho akaendelea kuchuma kahawa yake na kusoma gazeti kama kawaida. Siku anapogundua, mara nyingi ugonjwa umekwisha haribu sehemu kubwa.

Basi tutafanyaje na ugonjwa usiouma? Jibu ni moja: tuupime. Katika makala hii tutaeleza jinsi madaktari wanavyopima nyuma ya jicho, hasa tabaka moja jembamba liitwalo koroidi. Tutaeleza pia kwa nini kipimo cha siku moja hakitoshi, na kwa nini mtu mwenye kisukari yafaa aende kupimwa macho wakati bado anaona vizuri.

JICHO LIMEJENGWAJE

Jicho la mtu mzima ni kama mpira mdogo. Ukilipima kutoka mbele hadi nyuma unapata kama milimita 24. Chukua rula ya mtoto wa shule uangalie: ni pungufu kidogo ya sentimita mbili na nusu.

Mbele ya jicho kuna ngozi angavu kama kioo. Nyuma ya hicho kioo kuna mboni, yaani lile tundu jeusi la katikati. Mwanga unaingia kwa tundu hilo, unapita kwenye lenzi, kisha unafika kwenye ukuta wa nyuma.

Ukuta huo wa nyuma una matabaka makuu matatu.

Tabaka la ndani ni retina. Hili ndilo linalopokea mwanga na kuupeleka habari zake kwenye ubongo. Retina ikiharibika, miwani haisaidii kitu, kwa sababu miwani hurekebisha njia ya mwanga tu.

Tabaka la katikati ni koroidi. Hili limejaa mishipa ya damu, mikubwa na midogo, iliyosongamana. Kazi yake kubwa ni kulisha retina kutoka nyuma.

Tabaka la nje ni ukuta mgumu mweupe. Huo ndio weupe tunaouona pembeni mwa jicho la mtu.

MFANO WA KIHAMBA NA MFONGO

Wasomaji wetu wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo wanaijua mifongo. Hiyo ni mifereji ambayo wazee walichimba kuleta maji kutoka mitoni, huko juu karibu na msitu, mpaka kwenye vihamba. Maji yanashuka mlima, yanagawanywa, kila mtu anapata zamu yake. Migomba na kahawa vinastawi.

Sasa tuseme retina ni kihamba. Kihamba hiki kinapata maji kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mabomba madogo yanayopita juu ya shamba. Hayo ni mishipa ya damu ya retina yenyewe. Njia ya pili ni mifongo mingi inayopita chini ya shamba. Hiyo ndiyo koroidi.

Watu wengi hudhani mabomba ya juu ndiyo yenye kazi kubwa. Kumbe sivyo. Sehemu kubwa kabisa ya damu inayoingia katika jicho hupita kwenye koroidi, si kwenye retina. Tena iko sehemu moja ndogo, katikati kabisa ya retina, ambayo haina mishipa yake hata mmoja. Inategemea koroidi peke yake. Na sehemu hiyo ndiyo tunayoitumia kusoma herufi, kutia uzi kwenye sindano, na kumtambua mtu kwa sura.

Kati ya retina na koroidi kuna tabaka jembamba la chembechembe nyeusi. Hilo ni kama lango la mfongo. Linapitisha chakula kwenda shambani, na linazuia maji yasifurike. Lango likiharibika, maji huingia chini ya retina na kuiinua, kama vile mfongo uliopasuka unavyojaza maji kwenye shamba la maharage.

Kwa hiyo, mtu akiuliza, "Koroidi ina faida gani na mimi siioni?" mjibu hivi: hata mfongo ulio chini ya majani huuoni, lakini ukikauka utaona migomba inavyosinyaa.

MADAKTARI WALIANZAJE KUONA NYUMA YA JICHO

Zamani hakuna aliyeweza kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka 1851, Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alieleza chombo chenye kioo kidogo kinachomulika ndani ya mboni. Kwa chombo hicho daktari aliweza kuiona retina na mishipa yake. Baadaye zikaja kamera za kupiga picha ya retina.

Lakini picha ya kawaida ina upungufu. Inaonyesha uso wa shamba tu, kama mtu aliyesimama juu ya mti anavyokitazama kihamba. Anaona majani. Haoni udongo una kina gani, wala haoni mfongo ulio chini.

Mwaka 1991, wataalamu wa Marekani walitangaza njia mpya. Mashine yake madaktari huiita kwa herufi tatu, OCT. Mashine hii inapima matabaka ya jicho kwa mwanga bila kulikata.

Inafanyaje kazi? Hebu fikiri umesimama kwenye ukingo wa korongo na kupiga kelele. Sauti inagonga ukuta wa ng'ambo na kurudi. Huo ni mwangwi. Ukuta ukiwa karibu, mwangwi unarudi upesi. Ukuta ukiwa mbali, unachelewa. Mashine ya OCT inatumia mwangwi wa mwanga. Inapeleka mwanga dhaifu ndani ya jicho. Kila tabaka linarudisha kidogo. Mwanga una mbio mno, hakuna saa ya kuuhesabu moja kwa moja. Kwa hiyo mashine inaulinganisha mwanga uliorudi na mwanga mwingine uliopita njia ambayo urefu wake unajulikana. Hapo kompyuta inachora picha ya matabaka, kama kipande cha keki kilichokatwa kwa kisu.

Mashine haigusi jicho. Hakuna sindano ya kipimo hicho. Unaweka kidevu mahali pake, unatazama alama, na baada ya dakika chache kazi imekwisha.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mashine hizi ziliionyesha retina vizuri lakini koroidi ilitoka hafifu. Lile tabaka jeusi lilizuia mwanga, na koroidi iko mbali zaidi ndani. Mwaka 2008, Dk. Richard Spaide na wenzake wa New York walieleza njia rahisi. Waliisogeza mashine karibu zaidi na jicho, ili sehemu inayotoka safi kwenye picha iwe ya ndani badala ya ya juu. Tangu hapo koroidi ikaanza kupimwa sehemu nyingi duniani. Baadaye zikatengenezwa mashine ambazo mwanga wake unafika ndani zaidi.

TUSOME NAMBA

Koroidi ni nyembamba, kwa hiyo milimita ni kipimo kikubwa mno kwake. Wataalamu wanatumia mikroni. Chukua milimita moja, uigawanye mara 1,000. Kila kipande ni mikroni moja. Unywele wa kichwani una unene wa kama mikroni 70.

Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya kuwapima watu wachache wenye macho mazima huko Marekani. Wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 50. Unene wa koroidi yao, chini ya katikati ya retina, ulikuwa wastani wa mikroni 287. Hizo ni kama nywele nne zilizolazwa moja juu ya nyingine. Walionekana pia kupungukiwa na mikroni 16 hivi kwa kila miaka 10 ya umri.

Tufanye hesabu. Mtu wa miaka 50 ana mikroni 287. Atakapofika miaka 70, yaani baada ya miaka 20, atakuwa amepungukiwa na 16 mara mbili, yaani 32. Ukitoa 32 katika 287 unabaki na 255. Mzee huyo si mgonjwa. Koroidi yake imezeeka pamoja naye, kama nywele zake zilivyopata mvi.

Lakini tahadhari. Huo ni wastani wa watu wachache wa nchi nyingine. Watu wazima wawili wenye afya, wa umri mmoja, wanaweza kutofautiana sana. Mtu asiyeona mbali, ambaye jicho lake ni refu kuliko kawaida, huwa na koroidi nyembamba zaidi.

Tena koroidi haikai vile vile kutwa nzima. Kwa kawaida huwa nene asubuhi na hupungua kadiri siku inavyokwenda. Tofauti inaweza kufika kama mikroni 30 kwa siku moja. Hata kahawa, zao letu wenyewe, imeonekana kuipunguza kidogo kwa saa kadhaa baada ya kunywewa.

Sasa tuseme mama mmoja amepimwa saa mbili asubuhi akapata mikroni 280. Baada ya miezi sita anarudi, lakini safari hii amepimwa saa tisa alasiri, amekunywa kahawa njiani. Anapata 255. Je, ugonjwa umeingia? Hatuwezi kusema. Tofauti ya 25 inaweza kuwa ya saa tu. Lakini angepimwa saa ile ile, kwa mashine ile ile, halafu namba ikashuka au kupanda sana, hapo daktari angekuwa na sababu ya kuuliza.

Hii ni sawa na kadi ya kliniki ya mtoto. Nukta moja kwenye kadi haisemi mengi. Mtoto wa kilo nane anaweza kuwa mzima au mgonjwa. Lakini nukta zikiunganishwa, tunaona mstari. Mstari ukipanda, mama anafurahi. Ukilala au kushuka, muuguzi anashtuka. Jicho nalo ni hivyo hivyo. Kipimo kimoja ni nukta. Vipimo vya miaka mfululizo ni mstari.

KOROIDI INAPONENEPA NA INAPOKONDA

Yapo magonjwa yanayoifanya koroidi inenepe. Moja huwapata zaidi wanaume wa umri wa kati. Maji hutuama chini ya katikati ya retina. Mgonjwa huona dowa la kivuli mbele yake, au mistari iliyonyooka huiona imepinda. Katika kundi moja la wagonjwa wa namna hii lililopimwa mwaka 2009, wastani wa koroidi ulikuwa mikroni 505. Linganisha na 287 ya macho mazima. Mara nyingi maji haya hukauka yenyewe baada ya miezi michache. Lakini dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, zinaweza kuuleta ugonjwa huu au kuuzidisha.

Uko ugonjwa mwingine, unaoitwa kwa majina ya madaktari watatu, Vogt, Koyanagi na Harada. Huu ni uvimbe wa koroidi katika macho yote mawili. Mgonjwa huumwa kichwa, masikio huvuma, kuona kunapungua. Baadaye ngozi na nywele zinaweza kupata mabaka meupe. Hapa pia koroidi huwa nene sana na maji hukaa chini ya retina. Lakini dawa yake ni hizo hizo steroidi, tena zianze mapema na kwa uangalizi wa daktari. Dawa inapofanya kazi, kipimo huonyesha koroidi ikipungua.

Umeona hapo, ndugu msomaji? Magonjwa mawili, yote yana maji chini ya retina, yote koroidi ni nene. Dawa inayoponya moja inaharibu lingine. Ndiyo maana tunasema: usinunue dawa ya macho dukani kwa sababu jirani ilimfaa. Na kama umeandikiwa steroidi hospitalini kwa ugonjwa wowote, usiziache ghafla kwa hofu. Mwambie daktari habari za macho yako, yeye aamue.

KISUKARI

Kwa watu wa mkoa wetu, ugonjwa wa retina tunaopaswa kuujua zaidi ni ule unaotokana na kisukari. Sukari nyingi ikikaa katika damu kwa miaka, kuta za mishipa midogo zinachakaa. Mabomba ya juu ya kihamba chetu yanaanza kuvuja. Mengine yanaziba. Retina ikikosa hewa safi inayoletwa na damu, inaita mishipa mipya iote. Lakini mishipa hii mipya ni dhaifu. Inapasuka, damu inamwagika ndani ya jicho, au inavuta retina mpaka inabanduka.

Na koroidi je? Kisukari kinaichakaza nayo, hasa mishipa yake iliyo midogo kabisa. Wataalamu wa nchi nyingi wameipima. Wengi wamekuta imekonda kwa watu waliokaa na kisukari muda mrefu. Wengine hawakuona tofauti, na wengine waliikuta nene. Tumekwisha eleza kwa nini: umri, saa ya kupimwa, urefu wa jicho na matibabu, yote yanachanganya namba.

Kwa sababu hiyo wapo wataalamu wanaotumia kipimo kingine. Badala ya kuuliza koroidi ni nene kiasi gani, wanauliza ni sehemu gani yake iliyo njia ya damu. Ni kama kuuliza, katika eneo lote la mfongo, maji yanachukua nafasi gani na kingo za udongo zinachukua nafasi gani. Kwa watu wenye macho mazima, utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulikuta kama 65 katika kila 100. Kipimo hiki hakibadiliki ovyo kama unene.

Tuseme kweli. Hadi sasa, daktari haamui kumtibu mgonjwa wa kisukari kwa kuangalia koroidi peke yake. Anaangalia kwanza retina: imevuja wapi, imevimba kiasi gani, mishipa mipya imeota au la. Koroidi inaongeza habari. Lakini kinachookoa jicho ni mtu kufika mapema mbele ya kipimo, chochote kile.

HAPA KILIMANJARO

Hospitali ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi mwaka 1971. Idara yake ya macho inahudumia watu wa kanda ya kaskazini na kufundisha madaktari wa macho. Mwaka 2010 ulianzishwa mpango wa kuwapima macho watu wenye kisukari katika mkoa wa Kilimanjaro. Wapimaji hawakukaa Moshi kungoja wagonjwa. Walichukua kamera ya retina wakaifuata kliniki ya kisukari katika hospitali za wilayani.

Kuanzia 2010 hadi 2014 walipimwa watu zaidi ya 3,000. Zaidi ya robo yao walikutwa na dalili za ugonjwa wa retina. Yaani wakiketi watu wanne wa kisukari kwenye benchi moja, yupo kama mmoja mwenye dalili nyuma ya jicho. Na ukiwatazama kwa nje huwezi kumjua ni yupi.

Lakini ilionekana taabu nyingine. Wengi walioambiwa waende KCMC kwa uchunguzi zaidi hawakufika. Sababu tunazijua wenyewe. Nauli kutoka Rombo au Same si ndogo. Siku nzima ya kazi inapotea. Majibu yakichelewa, mtu anasahau. Na kubwa kuliko zote: "Mbona mimi naona?"

Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 2020, KCMC pamoja na wataalamu wa London walianza jaribio. Programu ya kompyuta inaisoma picha ya retina hapo hapo kliniki, ili mtu apewe majibu na maelezo kabla ya kwenda nyumbani. Shabaha ni kujua kama watu wakipata majibu siku ile ile, wengi zaidi watafika hospitali.

Lakini kompyuta haiwezi kumpandisha mtu kwenye basi. Hapo ni sisi, na jamaa zetu.

MASWALI YANAYOULIZWA VIJIJINI

"Naona mpaka kilele cha Kibo. Kwa nini nipimwe?" Kwa sababu ugonjwa huanza pembeni au kidogo kidogo. Jicho moja likipungua, jicho lingine linaficha. Jaribu kuziba jicho moja, kisha lingine, usome gazeti hili. Hata hivyo, kusoma vizuri si uthibitisho kwamba retina ni nzima.

"Ati mashine ya mwanga inaharibu macho?" Hapana. Mwanga wa kipimo ni dhaifu na hauumizi.

"Yale matone wanayotia, mbona yanapofusha?" Hayapofushi. Yanafungua mboni ili nyuma ionekane. Kuona kunakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, na jua linaumiza. Nenda na mtu wa kukushika mkono, chukua kofia, na siku hiyo usiendeshe pikipiki.

"Si afadhali maji ya majani aliyotumia bibi?" Kitu unachotia mbele ya jicho hakitibu mishipa ya nyuma. Kinaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho, ukawa na magonjwa mawili badala ya moja.

"Nikikutwa nao, si ndiyo basi tena?" Sivyo. Mwanga mkali wa leza hutumika kuzuia mishipa mibaya. Majaribio makubwa yaliyofanyika Marekani katika miaka ya 1970 yalionyesha kwamba leza hupunguza hatari ya upofu kwa zaidi ya nusu kwa wenye ugonjwa uliokomaa. Zipo pia sindano za dawa zinazopigwa ndani ya jicho kupunguza uvimbe, nazo hupigwa baada ya kulitia jicho ganzi. Lakini matibabu haya hasa hulinda uwezo uliobaki. Kilichokufa hakirudi. Ndiyo maana saa ni muhimu kuliko dawa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kama una kisukari, pimwa nyuma ya jicho mara moja kila mwaka, hata kama unaona vizuri. Daktari akikuambia urudi mapema zaidi, rudi.

2. Mama mjamzito ambaye alikuwa na kisukari tangu kabla ya mimba apimwe mapema, kwa sababu ugonjwa wa retina unaweza kwenda mbio wakati wa ujauzito.

3. Angalia sukari na presha pamoja. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoa matokeo yake mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuidhibiti presha kwa watu wa kisukari kunalinda macho, na kuidhibiti sukari kunalinda mishipa midogo. Usiache dawa kwa sababu umejisikia nafuu.

4. Tunza kadi na majibu yako yote. Weka kwenye bahasha moja. Andika tarehe ya kila kipimo. Kama ni kipimo cha OCT, andika na saa. Umri wa karatasi ya zamani si hoja. Ile ndiyo nukta ya kwanza ya mstari wako.

5. Ukiona ghafla mainzi meusi mengi, mwanga unaomulika, pazia linaloshuka, au mistari iliyopinda, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

6. Kama unajua kusoma, msomee asiyejua. Baba mkwe, shangazi, jirani wa kitongoji: waulize tarehe waliyoandikiwa kwenye kadi. Siku hiyo wasindikize.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa retina na asijue?

2. Mzee alipimwa asubuhi akapata mikroni 260, jioni akapata 235. Je, ni lazima awe mgonjwa? Elezeni sababu.

3. Katika kitongoji chenu, ni nani wenye kisukari ambao hawajapimwa macho mwaka huu? Nauli yao itapatikanaje, na nani atawasindikiza?

Swali la tatu msilijibu kwa maneno tu. Andikeni majina, tarehe na jina la msindikizaji. Mkutano ujao someni orodha hiyo, muone nani amekwenda na nani bado.